Filamu Iliyobadilika Kila Siku

Mimi kazi yangu ni mlangoni. Watu wakiingia nachana tiketi, na filamu ikiisha nafungua milango yote miwili na kuibana kwa matofali isijifunge. Miaka ishirini na sita nimesimama pale, kwa hiyo usiniambie habari za sinema. Filamu zenyewe sijaziona nyingi, ila nimeziona nyuso za wanaotoka. Ya mapenzi, wanatoka wameshikana mikono. Ya vita, wanatoka wakisukumana hata wazee. Ya kuchekesha, watu wasiojuana wanapigana makofi ya mgongoni. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa ile filamu ya sayari ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Jumamosi saa nane mchana, watu walitoka kama waliopotezana na wenzao sokoni.

"Jamani, nani ameelewa?" aliuliza mama mmoja mnene, mkoba kaukumbatia. "Mtu mmoja tu aseme ameelewa, nimfuate hadi kwake anieleze."

"Mimi nimeelewa," akajibu kinyozi wa barabara ya nyuma. "Nimelala, nimeamka, na sikupitwa na kitu. Hilo ndilo nililoelewa."

Watu wakacheka. Lakini nikaona hawaondoki. Wamejazana kwenye ngazi wanabishana. Eti kule kwenye sayari mvua inapanda badala ya kushuka, na nyumba zinaning'inia kwa nyuzi. Eti bahari wameikunja kama shuka wakaiweka kabatini. Kuna mwanamke amevaa koti la vioo anamtafuta mtoto wake, na kuna mzee anayetembea amebeba mlango mgongoni. Picha zote walizisifu. Hakuna aliyesema ni mbaya. Ila kisa chenyewe, loo! Mmoja anasema mwanamke alikufa mwanzo. Mwingine anasema hakufa, alikuwa hajazaliwa. Mwalimu mmoja mstaafu, wa hesabu, mkavu kama fimbo, alikuwa na daftari na kalamu. Akasema kwa sauti ya darasani, "Nitarudi kesho. Haiwezekani kitu kisiwe na jibu."

Jioni nilimweleza mume wangu, tukacheka mpaka akapaliwa na chai. Yeye ndiye aliyekuwa akiionyesha. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mashine mle juu, chumba kidogo nyuma ya ukumbi, chenye vidirisha viwili vya kuchungulia. Watu walimwita Fundi Taa, maana picha ikififia ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, "Fundi! Taa!" Naye hakukasirika. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini akipanda ngazi zile za chuma, mizaha anaiacha chini.

Nikueleze kazi yake, maana bila hiyo hutanielewa. Filamu nzima haikai kwenye mkanda mmoja. Ile ilikuja katika mikebe sita, kila mkebe na sehemu yake. Mashine ni mbili. Hii ikikaribia kumaliza sehemu ya kwanza, kwenye kona ya picha kunatokea kidoti, kufumba na kufumbua. Ninyi mlioketi hamkioni. Fundi anakiona, anaiwasha ile ya pili, na nyinyi hamjui kwamba kuna kitu kimekatika na kuungwa. Mume wangu hakukosa kidoti hata siku moja. Mikebe ikifika, aliikagua mwenyewe, akaiandika namba kwa chaki juu ya kifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata mimi mkewe. Hasa mimi mkewe.

Jumapili Mwalimu akarudi. Filamu ilipoisha alitoka wa kwanza, akanijia na daftari limefunguliwa.

"Mama, leo mmeonyesha filamu nyingine?"

"Ni ileile, Mwalimu."

"Basi tazama hapa." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Jana koti la vioo lilipasuka kabla ya mwanamke kupewa. Leo amepewa kwanza. Jana mzee wa mlango alikuja baada ya bahari. Leo kaja kabla. Mimi sijazeeka kiasi hicho."

"Labda ndivyo ilivyotengenezwa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema vile. Mdomo ulitangulia.

Akanikodolea macho. Kisha uso wake ukafunguka. "Inabadilika," akasema polepole. "Wameitengeneza ibadilike!" Akageuka kuwaambia wenzake, na mimi nikapanda ngazi za chuma.

Mume wangu alikuwa akirudisha mkanda kwenye mkebe. Mikono yake ilikwenda vizuri, haraka, bila kutetemeka. Nilitaka kushuka nijicheke. Ndipo nikaiona ile mikebe. Kila kifuniko kilikuwa na namba tatu, nne, zimeandikwa, zimefutwa kwa kiganja, zimeandikwa tena juu yake. Mkebe mmoja ulikuwa wa pili na wa tano kwa pamoja. Mikebe miwili yote ilikuwa ya tatu.

"Mzee," nikamwita. "Namba hizi vipi?"

"Namba gani?"

"Za kwenye mikebe."

Aliziangalia muda mrefu. Nikaona anazisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzie. Kisha akanijia juu. "Nani kakuita huku? Kazi yako iko mlangoni!" Hajawahi kunikaripia hivyo. Nikashuka.

Usiku ule sikusinzia, na vyote nilivyokuwa nikivicheka vikaja kunisimamia. Siku aliyobisha mlango wa jirani akiita jina langu, jirani akatoka na taulo, tukacheka wiki nzima. Siku aliyoniuliza kama dada yake amekula, na dada yake tulimzika zamani. Nilikuwa nikisema, "Ah, uzee huo, na mimi pia nasahau." Mficha maradhi, kilio humfichua. Nayajua maneno hayo tangu mdogo, lakini niliyaona ya watu wengine.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu kule juu ndiko alikobaki mzima. Nyumbani alianza kutangatanga, anafungua kabati anasahau alichofuata. Lakini akishika mkanda, anaupitisha kwenye meno ya mashine, anaufunga, anasikiliza mlio wake, anakuwa yuleyule aliyenioa. Akitolewa mle, atakuwa nani? Nikasema, filamu hii haieleweki hata ikiwa sawa. Itakaa wiki moja, itaondoka, na hakuna atakayejua. Mungu kaniletea filamu ya kumficha mume wangu.

Na watu nao, basi! Habari zilienea kwamba kuna filamu inabadilika kila siku. Jumatano ukumbi ulijaa, kitu ambacho tulikuwa tumekisahau. Watu walirudi mara mbili, mara tatu. Kwenye ngazi ikawa baraza. Kinyozi, yule aliyelala, sasa alikuwa bingwa wa kueleza.

"Mnaona," alisema, "ile sayari ni akili ya mtu. Akili haiendi moja, mbili, tatu. Inaruka."

"Akili yako wewe," akamjibu yule mama mnene, aliyekuja kwa mara ya nne. "Ya kwangu imetulia. Mimi nasema mwanamke yule ni mchawi."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," akasema Mwalimu, akiandika. Daftari lake lilikuwa limejaa mishale.

Mimi nilisimama na matofali yangu nikiwasikiliza, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijivuna. Wakisema "huyu aliyeitengeneza ana kipaji," moyoni nilisema, ndiyo, yuko juu, na mimi ndiye ninayemfulia mashati. Mwenye jumba, ambaye alirithi ukumbi ule kwa baba yake na kwa kawaida uso wake ni wa mtu anayeumwa jino, alikuja akinishika bega. "Mama, muujiza gani huu?" Nikacheka naye. Kicheko kile hadi leo kinaniwasha.

Nilijaribu kurekebisha. Alhamisi nilipanda mapema kabla yake. Mwalimu alikuwa ameniambia, baada ya hesabu zake zote, mpangilio anaoudhani ndio wa asili. Nikatazama alama zilizobandikwa kiwandani pembeni mwa mikebe, ndogo kama chawa, nikaipanga kwenye rafu kuanzia kushoto. Mume wangu akaja, akaitazama rafu.

"Nani amevuruga?"

"Nimefuta vumbi tu."

"Miaka thelathini na moja," akasema, akaanza kuipanga upya, mkono ukisitasita juu ya kila mkebe. "Leo ndiyo unifundishe kazi?" Nikamwona hajui. Anajua kwamba hajui, na ananificha mimi ninayemficha yeye. Nikamwachia.

Ijumaa ndiyo iliyotumaliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kistuli changu kando ya pazia, filamu inaendelea, mwanamke wa vioo anapanda nyuzi. Mara picha ikasimama. Akabaki hapo, mguu mmoja hewani. Kisha katikati ya kifua chake pakatokea doa la kahawia, likatanuka, likachemka mapovu kama uji, kingo zikawa za dhahabu, na uso wake ukajikunja ukatoweka. Pakabaki mwanga mtupu.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi. Wakafuata wote. Walisimama, nakuambia, walisimama wakishangilia, Mwalimu ameshika kichwa, machozi yanamtoka. Hakuna hata mmoja aliyepiga kelele, "Fundi! Taa!"

Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mkanda umekwama na taa inauunguza. Nilipanda zile ngazi mbili mbili, na miguu hii. Chumba kilikuwa na moshi wa kukaba. Mume wangu amesimama mbele ya mashine, kiganja chake cha kulia kimegusa pale palipo na moto zaidi, ngozi imetoka, na yeye anakitazama tu kile kiganja, hakiondoi. Nikamvuta. Nikazima swichi kubwa ya ukutani, ndiyo pekee niliyoijua.

"Inanuka nini?" aliniuliza.

"Ni mkono wako, baba. Ni mkono wako."

"Watu wanapiga makofi," akasema, akatabasamu. "Umesikia?"

Nilimfunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwani. Chini makofi yalikuwa bado yanaendelea. Pale ndipo niliposema moyoni, basi. Makofi hayazimi moto. Siku nyingine nitakuta majivu.

Nikaenda ofisini kwa mwenye jumba, nikamweleza yote, kuanzia Jumapili. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango, hata hakuketi.

"Kwa hiyo haibadiliki," alisema mwishowe.

"Haibadiliki. Ni mume wangu."

"Mama, mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ungesemaje ya mkeo?"

Si mtu mbaya. Alikaa, akafuta uso kwa viganja, akasema baba yake ndiye aliyemwajiri Fundi, na yeye mwenyewe akiwa mdogo alibebwa mabegani mwake kuchungulia kidirisha. Akasema Jumamosi tufunge, mkanda uungwe, na Jumapili, siku ya mwisho ya filamu, atamwita yule mwanamke fundi wa ukumbi wa ng'ambo ya mji, ambaye mume wangu alimfundisha kazi. Na mume wangu atakaa kitini kama mgeni wa heshima. "Miaka yote hiyo hajawahi kukalia kiti changu hata kimoja," alisema. Ikaonekana ni jambo jema. Mimi nikakubali. Nilitia sahihi kumtoa mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, hata kalamu sikuhitaji.

Jumapili alifurahi kama bwana harusi. Nilimpigia pasi shati jeupe. Aling'arisha viatu kwa mkono mmoja, akakataa nimsaidie. Mara tatu aliniuliza tunakwenda wapi, na mara tatu nikamwambia, sinema, umealikwa.

"Na mashine nani anashika?"

"Mwanafunzi wako."

"Yule ana haraka," alisema, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Wewe utakaa na mimi?"

"Mimi niko mlangoni, mzee. Nani atachana tiketi?"

Ningeweza kuketi naye. Mwenye jumba asingekataa, na tiketi mtu yeyote anachana. Lakini niliogopa. Niliogopa kukaa gizani karibu naye saa mbili nzima, nikiwa nimemsema. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote.

Nilimpeleka hadi kiti cha katikati, pale panapoonekana vizuri. Mwalimu alikuwa upande wa kushoto wake, mama mnene nyuma. Taa zikazimwa. Mimi nikarudi kwenye kistuli changu, na kwa mara ya kwanza nikaitazama filamu yote, tangu mkebe wa kwanza hadi wa sita.

Na ilieleweka, jamani. Ilieleweka kama kitu cha kawaida kabisa. Mwanamke alikuwa na mtoto, mtoto akaugua, akafa. Yeye hakukubali. Akavaa koti la vioo ili kila anayemtazama ajione mwenyewe na asimwone yeye analia. Akazunguka sayari ile yote akimtafuta, mpaka akamkuta mzee wa mlango. Mzee akaushusha mlango, akausimamisha mchangani, akamwambia mtoto yuko ng'ambo lakini ukipita hurudi. Akapita. Basi. Hiyo ndiyo siri iliyowakesha watu.

Nilifungua milango, nikaweka matofali. Walitoka kimya, nyuso zimelowa. Kinyozi alipita bila kunitazama. Mama mnene alisimama kidogo, akasema, "Kumbe ni mama tu aliyefiwa," akaondoka akivuta pumzi. Mwalimu alilifunga daftari, akalitia kwapani.

"Jibu limepatikana, Mwalimu?"

"Limepatikana," alisema. "Bora tungeendelea kubishana." Kumbe na yeye alikuwa na lake, alizika binti. Sikujua hadi alipoondoka, nilipoambiwa na mtu mwingine.

Mume wangu alitoka wa mwisho kabisa. Alitembea taratibu katikati ya viti, akishika mgongo wa kila kiti. Alipofika kwangu alisimama sawasawa, akanisalimu kwa adabu, ile adabu anayowapa watu asiowajua.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri," nikasema. Nilidhani ananitania, nikatabasamu. "Umeionaje filamu?"

"Picha nzuri sana. Sijapata kuona picha kama zile." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Samahani, wewe ni mhudumu wa hapa?"

Tabasamu likanifia usoni. "Ndiyo," nikasema.

"Basi acha nikuambie wewe, kabla tajiri hajasikia. Mimi kidogo naifahamu kazi hii. Fundi wenu amechanganya mikebe. Ile ya mlango haikai mwisho."

Nilitaka kumwambia kwamba leo ndiyo siku pekee ilipokuwa sawa.

"Lakini msimfukuze," akaendelea. "Nakuomba, mama. Kazi ile ni ya upweke. Mtu yuko peke yake gizani mchana kutwa, anaunga vitu ili wengine waone vimeungana. Labda amechoka. Labda anaumwa na hajui. Mkimtoa mle ataenda wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Ana mke?"

"Anaye."

"Anajua?"

"Anajua."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. "Basi mwambie mkewe asimseme. Watu wote wakimsema, yeye asimseme. Akimsema yeye, amekwisha."

"Nitamwambia," nikasema. "Nitamwambia, baba."

Akanishukuru. Akatoka hadi kwenye ngazi, jua la alasiri likampiga usoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, hakushuka. Nikaiacha milango wazi, nikamfuata nikamshika mkono ule mzima. Hakuuondoa, ila alisogea kando kidogo, kama mtu anayechunga heshima ya mke wa mtu.

"Usijisumbue, mama," aliniambia. "Namngoja mke wangu. Akimaliza kazi atakuja kunichukua."

Nikamwambia tumngoje pamoja. Tukaketi kwenye ngazi, mimi na yeye, tukamngoja.